Filimbi ya Jumapili

Mjomba wangu Idwal Prydderch alipigwa teke la mdomo na farasi akiwa bado kijana, na meno ya mbele yote yakaenda na teke hilo. Kwa mtu mwingine hiyo ni hasara ya kutafuna tu. Kwa mchunga kondoo wa milima yetu ni hasara ya kazi, maana mbwa huongozwa kwa mluzi, na mluzi bila meno ni pumzi tupu. Basi akanunua filimbi ya bati mnadani, akaitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Bonde zima lilijaa wapiga mluzi, lakini mwenye filimbi alikuwa yeye peke yake. Ikilia huko juu kwenye ukungu, hata mtoto wa kunyonya alijua kwamba Idwal wa shamba la Bryn Du yuko kazini na mbwa wake.

Hakuoa. Wanawake walipomtania, alisema, "Huyu mbwa ananitosha. Akinikasirikia, harudi kwao." Alikuwa mtu wa maneno machache na ukaidi mwingi, na ukaidi huo ndio uliomgombanisha na kanisa. Mwaka mmoja theluji ilifukia kondoo wake Jumapili asubuhi. Badala ya kwenda ibadani akashika koleo, akawafukua mpaka jioni. Shemasi Gruffydd wa shamba la Ty Isaf, jirani yake wa chini na mkubwa wa mashemasi, alimsimamisha mbele ya watu wote akamwuliza kama hajui amri ya Mungu kuhusu siku ya Sabato.

"Naijua," mjomba akasema. "Theluji ndiyo haijui."

Watu wa nyuma walicheka, na Gruffydd hakukisahau kicheko kile. Tangu siku hiyo, mjomba akichelewa ibadani kidogo tu, watu walitazamana. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeishi nikaona kwamba wakati mwingine haliji lenyewe, bali watu huliburuta kwa kamba.

Vita vilipoanza, jeshi lilijenga kiwanja cha ndege upande wa pili wa mpaka, kwa Waingereza, cha kufundishia vijana kurusha ndege za mabomu. Walikuwa wanajifunza usiku, wakipita juu ya mapaa yetu kwenda na kurudi, hata tukaacha kuinua macho. Wengi wao walikuwa na umri wangu. Wengine walikufa huko huko mafunzoni, kabla hata ya kumwona adui, na mimi hadi leo sioni kifo cha vita kinachouma kuliko hicho.

Jumamosi moja ya Novemba, mwaka wa arobaini na tatu, mjomba alivuka mlima kuja kwetu, bonde la pili, akimleta dume la kondoo. Novemba ndiyo mwezi wa kuazimana madume, na dume letu lilikuwa limekufa. Alipofika, ukungu ukashuka mzito kiasi cha mtu kutoiona mikono yake mwenyewe. Mama yangu, dada yake, akamwambia, "Hurudi popote leo. Vua viatu." Akalala kwetu. Jumapili asubuhi akaja nasi kanisani, akakaa benchi la mbele, mahali pa wageni, na mbwa wake akalala mlangoni. Mchana nilimpakulia viazi kwa mkono wangu mwenyewe, akaomba tena. Haya ninayasema kwa sababu nilikuwepo.

Usiku ule wa Jumamosi, ndege moja ya mafunzo ilipotea njia kwenye ukungu, ikagonga bega la mlima juu ya Bryn Du na kuzama katika tope la mboji. Haikuwaka moto. Waliosikia kishindo walidhani ni ngurumo. Jeshi nalo lilidhani ndege imeanguka baharini, likapeleka watu wa kutafuta huko. Wanne kati ya watano walikufa papo hapo. Wa tano alikuwa mpiga bunduki wa mkiani, naye mkia ulikatika ukamtupa kando, hai, miguu yote miwili imevunjika. Kila askari wa ndege alivaa filimbi ndogo kwenye kola, ya kuita msaada akiangukia majini. Jumapili kulipokucha, yule kijana akaanza kuipuliza.

Watu wa bonde la mjomba walikuwa wanaingia kwenye ibada ya asubuhi walipoisikia. Hakuna aliyeshtuka. Walikasirika. Mhubiri alisimamisha sala, akangoja, akaendelea, na filimbi ikaendelea pia. Walipokuwa wakiimba, iliwaingilia katikati ya wimbo. Ibada ilipokwisha, Shemasi Gruffydd akapanda mpaka geti la juu, pale malisho yanapoishia na mlima unapoanza. Nusu ya kanisa walimfuata wakasimama nyuma yake na nguo zao nyeusi. Akaweka mikono mdomoni, akaita kwenye ukungu, "Idwal! Acha! Leo ni siku ya Bwana!"

Filimbi ikanyamaza kidogo. Kisha ikalia haraka haraka, mfululizo, bila hata nafasi ya kuvuta pumzi.

"Mnamsikia?" Gruffydd akasema. "Anatudhihaki."

Wakateremka kwenda kula. Kwenye ibada ya jioni filimbi ilikuwa imefifia, inalia mara moja moja, na mtu mmoja akasema huyo sasa amechoka, na apate haya.

Jumatatu ukungu ukainuka. Mjomba alirudi kwake asubuhi mapema, na kabla hajafika mlangoni alimkuta Gruffydd amesimama kwenye geti la Bryn Du anamngoja. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenisimulia walivyoongea, mara moja tu katika maisha yake, na sikuthubutu kumwomba arudie.

"Jana umevuka mpaka, Idwal," Gruffydd akamwambia. "Siku nzima. Nimepanda kukuita, ukanijibu kwa filimbi mbele ya watu."

"Jana wapi?"

"Hapo juu. Usijifanye mjinga."

"Mimi ndiyo kwanza narudi kutoka kwa dada yangu. Mimi na mbwa hatujalala hapa tangu Jumamosi."

Wote wawili wakageuka kuutazama mlima. Halafu mjomba akaanza kukimbia.

Alimkuta yule kijana amekufa, ameegemea jiwe, filimbi mdomoni, ameing'ata. Alikuwa amejiburuta umbali mrefu kuelekea chini, kuelekea kule ile sauti ya mtu ilikotoka. Mjomba aliingiza mkono chini ya koti la kijana, kwapani, akakuta bado kuna joto kidogo. Akavua koti lake zito akamfunika, akakaa naye mpaka wanajeshi walipokuja.

Aliporudi nyumbani alichukua filimbi yake mwenyewe ya bati, akaitupa kisimani. Tangu siku ile mpaka kufa kwake aliongoza mbwa kwa kupiga makofi na kupaza sauti, akawa mchunga kondoo wa kuchekwa na vijana. Na mnadhani Gruffydd alisemaje alipoona filimbi haisikiki tena? Alisema, "Mnaona? Ametubu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na haijafa. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wakaribishaji, walizikana, walishikana mikono wakati wa shida. Lakini kukubali kwamba filimbi haikuwa ya Idwal kulimaanisha kwamba kanisa zima lilimsikiliza kijana anakufa kuanzia asubuhi hadi jioni, likaimba. Hakuna aliyeweza kuubeba mzigo huo. Basi wakaubwaga kwa mtu mmoja. Jeshi liliandika kwamba vijana wote walikufa papo hapo, na bonde likalidaka neno hilo kwa mikono miwili. Kama walikufa papo hapo, basi aliyepiga filimbi alikuwa Idwal. Na kama alikuwa Idwal, alivunja Sabato. Kabla ya Krismasi wakamtenga na Meza ya Bwana.

Wakati wa kunyoa kondoo walikuja kumsaidia kama kawaida, na yeye akaenda kwao, maana kwetu kondoo hanyolewi na mtu mmoja, na manyoya hayangoji watu wapatane. Lakini chakula walikula kimya, na hakuna aliyekaa upande wake wa benchi.

Nilimwambia, "Mjomba, nipeleke mimi. Nitasimama kanisani kwao niseme ulikuwa wapi. Kanisa letu zima litasema."

"Kanisa lenu ni la Wabaptisti," akajibu. "Hawa hawaamini hata maji yenu, wataamini maneno yenu?"

Nikacheka huku nalia. Alipenda kunifanyia hivyo.

Miaka mitano ikapita. Kiangazi kimoja mhubiri akapata barua ya mama mmoja wa Kiingereza, Bibi Haddow, mfanyakazi wa kiwanda cha soksi. Alikuwa mama wa yule mpiga bunduki, kijana aliyeitwa Clifford, na aliomba apelekwe mahali mwanawe alipoanguka. Aliyejua mahali ni Idwal, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye bei ya kondoo. Nikaitwa mimi kutafsiri, kwa kuwa nilikuwa nimesoma.

Tulipanda naye taratibu. Alikuwa mwembamba, amevaa viatu vya mjini, na hakulalamika hata mara moja. Mjomba alikuwa amepanga mawe kuzunguka pale alipomkuta kijana, na kila Novemba alirudisha yale yaliyoangushwa na kondoo. Yule mama aliyagusa, moja baada ya jingine.

Desturi yetu ni kwamba aliyekuja kwa ajili ya maiti halishwi hotelini. Wanawake walikuwa wameoka mikate ya zabibu kavu tangu siku iliyotangulia, na meza ndefu zilitandikwa katika ukumbi wa kanisa. Walikuja wote. Kabla hatujaingia, Shemasi Gruffydd alinivuta kando. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Binti, wewe ndiye mwenye lugha," akaniambia. "Angalia utakachomwambia. Mama wa watu ametoka mbali."

"Nitasema atakachosema mjomba, Shemasi. Neno kwa neno."

"Ndicho ninachokiogopa," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu ndani ya lile koti jeusi.

Nikamnong'oneza mjomba mlangoni, "Leo ndiyo siku yako. Wapo wote."

"Siku yangu ya nini?" akasema, akavua kofia, akaingia. Hakuwa amekanyaga ukumbi ule tangu wamtenge.

Chai ikanywewa. Watu wakasema mambo ya hali ya hewa, nami nikayatafsiri. Kisha Bibi Haddow akaweka kikombe chini, akanigeukia. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini ukumbi wote ukanyamaza, hata wasiojua Kiingereza.

"Jeshi liliniambia alikufa papo hapo. Mwaka huu nimekutana na mmoja wa waliokwenda kumchukua, akaniambia walimkuta na filimbi mdomoni. Mtu anayekufa papo hapo hapigi filimbi. Mwulize mjomba wako. Nataka kujua kama aliita, na kama aliita, kama kuna mtu aliyemsikia. Asinionee huruma. Kila usiku namwona anaita na hakuna mtu."

Nikamgeukia mjomba, nikayasema kwa lugha yetu, polepole, kwa sauti ya kutosha. Nilitaka wote wasikie. Mke wa Gruffydd alijifunika uso kwa leso. Gruffydd alitazama meza, na masikio yake yalikuwa meupe. Miaka mitano nilikuwa nimeyapanga maneno ya kusema siku hiyo. Kilichobaki ni mjomba kufungua mdomo.

Mjomba akasema, "Mwambie aliita. Na mwambie alisikiwa."

Nikatafsiri. Mtu fulani nyuma akavuta pumzi.

"Mwambie nilimsikia mimi," mjomba akaendelea. "Jumapili ile nilikuwa mlimani nakusanya kondoo. Nikasikia filimbi, nikaifuata."

Nilimtazama usoni. Alikuwa ananitazama pia, kwa yale macho yake ya ukaidi. "Mjomba," nikasema, "hiyo si..."

"Neno kwa neno, Nesta. Si ndivyo ulivyomwambia Shemasi?"

Basi nikasema. Mimi niliyempakulia viazi Jumapili ile, nilimwambia yule mama kwa kinywa changu kwamba mjomba wangu alikuwa mlimani. Nadhani sijawahi kusema kitu kwa shida namna ile.

"Alikuwa hai?" mama akauliza.

"Alikuwa hai. Nilimfunika koti langu. Nikamshika mkono."

"Alisema nini?"

Hapo nikaogopa, nikadhani sasa atakwama. Lakini kumbe mtu mkweli akiamua kudanganya hufanya kazi safi. "Mwambie sijui Kiingereza," akasema. "Sikuelewa. Lakini alikuwa anaongea, sauti ya chini, kama mtu aliye jikoni kwao. Hakuwa anaongea na mimi. Na mimi nilimwambia kwa lugha yangu kwamba nipo, siondoki. Naye hakuelewa, lakini aliacha kupiga filimbi. Alikufa hivyo, mkono wake umo mkononi mwangu."

Bibi Haddow alilia kwa mara ya kwanza tangu afike. Alilia bila kuficha uso, kisha akamshika mjomba mkono, akaugeuza, akautazama kiganja kama kitu anachotaka kukikumbuka. Akaniuliza, "Alisema ilikuwa Jumapili? Huku kwenu si mnakatazwa kufanya kazi Jumapili?"

"Tunakatazwa, mama."

"Basi mwambie namshukuru Mungu kwa dhambi yake."

Niliyatafsiri hayo kwa sauti kubwa kuliko yote. Katika ukumbi ule hakuna aliyeinua kichwa. Kisha yule mama akazunguka meza, akampa mkono kila mtu, akawashukuru kwa mkate, akawaambia wana bahati ya kuishi na mtu kama yule. Alipofika kwa Gruffydd, mzee alisimama. Akabaki ameushika mkono wake mpaka mkewe akamketisha.

Gari lilipomchukua mama kwenda stesheni, Gruffydd alitufuata nje. Alikuwa hana kofia.

"Idwal," akasema. "Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana. Njoo. Nitawaambia mimi mwenyewe."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba tulikuonea."

"Mlinionea wapi? Nimekiri mbele ya kanisa zima sasa hivi, wewe ukiwa shahidi. Nilifanya kazi Jumapili." Hakuwa na hasira. "Tena usiwaambie kitu. Mmoja akikana niliyosema, habari itamfikia mama yule. Yaacheni yalivyo."

Gruffydd akasimama pale barabarani, mikono ikining'inia. "Nilimwita, Idwal. Alinisikia nikimwita. Alidhani tunakuja."

"Najua," mjomba akasema. Akamshika bega kidogo, kisha tukaondoka.

Nilijizuia mpaka tulipovuka daraja, halafu nikashindwa. Nikamwambia kila kitu kilichokuwa rohoni. Kwamba amejizika mwenyewe, tena amenitumia mimi kama koleo. Kwamba sasa hata nikisema kweli nitaonekana mwongo. Kwamba wale watu watakunywa chai yao kwa raha, na yeye atakufa nje ya kanisa kwa kosa ambalo hakulifanya. "Ulikuwa kwetu, mjomba," nikasema. "Ulikaa benchi la mbele. Ulikula viazi vyangu."

Alisimama akaegemea ukuta wa mawe. Mbwa akakaa miguuni pake.

"Unadhani nimesahau nilikuwa wapi?" akasema. "Hakuna Jumapili ambayo sijaikumbuka. Wewe unataka niwaonyeshe watu kwamba sikuwa mtu mbaya. Lakini fikiri vizuri, mpwa wangu. Ningekuwa mtu yule wanayemsema, ningekuwa mlimani siku ile. Ningemsikia, na filimbi ya mwenzangu nisingeikosea. Yule kijana alihitaji mtu mmoja tu asiyejali Jumapili. Bonde zima lilisema mtu huyo ni mimi. Na mimi nilikuwa kanisani."